Jumapili ya Kusikiliza, Jumapili ya Kulima

Jumapili ile sikunywa hata uji. Niliupika, nikaumimina kwenye kikombe, nikaukodolea macho mpaka ukashika ngozi juu, nikampa paka. Paka naye akaunusa akaenda zake. Ukiniuliza nilikuwa naogopa nini, ningekujibu kwa kifupi: nilikuwa nimemfundisha msichana mmoja hadithi, na siku hiyo hadithi yenyewe ilikuwa inakwenda kumvunjia nyumba yake. Lakini kifupi mimi sikiwezi. Shule niliiachia darasa la tatu, na kama kuna darasa wanalofundisha watu kufupisha maneno, basi liko mbele huko ambako sikufika. Nivumilie tu.

Msichana huyo tulikutana sokoni, Daraja Mbili. Mimi pale ni mkongwe. Nauza chinsaga, ile mboga yetu chungu unayoichemsha na maziwa, na gunia langu nalitandika mahali pale pale tangu watoto wangu wakiwa mgongoni. Yeye alikuja akatandika nguo zake za mitumba kando yangu, bila kuniuliza, nami nikamnunia siku nzima. Siku ya pili nilishindwa kununa. Wenzake wauza mitumba walikuwa wanapiga kelele za bei tu, yeye kila nguo alikuwa anaipa maisha yake.

“Mama, simama kwanza. Koti hili lilikuwa la mwanamke wa ng'ambo aliyeachwa na mumewe kwa sababu ya miguu baridi. Livae, wako asitoroke.”

“Na hiyo suruali?” mwanamke akamuuliza, ameshaanza kucheka.

“Hii ilitoroka yenyewe. Mwenyewe alikuwa hapendi kufua.”

Watu walikuwa wanakuja kusikia uongo wake, wanaondoka na nguo. Na wakishachekeshwa hivyo walikuwa wanainama na kwangu, wananunua mboga bila kubishana. Kwa hiyo siwezi kusema nilimpenda kwa moyo mweupe tu. Aliniongezea wateja.

Nikamwambia siku moja, “Mjukuu wangu, mdomo huu haukuumbwa kuuza suruali.”

“Niache, magokoro,” akanijibu. Magokoro ndiyo bibi kwa lugha yetu. “Mdomo huu una tumbo chini yake.”

Lakini baadaye, mvua ikinyesha tumejifunika karatasi moja ya nailoni, akaniambia alichokuwa anakitaka. Alitaka redio. Kuna redio pale mjini inayotangaza kwa Kikisii, na yeye alitaka akae kwenye kile chumba chao, asimulie hadithi, na watu kutoka Kisii mpaka Nyamira waache wanachofanya. Aliyasema hayo akiwa anaangalia matope, kama mtu anayekiri wizi.

Sasa hapo kuna jambo langu ambalo lazima niliseme, ndiyo mjue woga wangu ulitoka wapi. Mimi nina ugonjwa wa kuwatia vijana moyo. Sina shamba la kuwapa wala mtu mkubwa ninayemjua ofisini, nina mdomo. Kabla ya huyu kulikuwa na kijana mmoja wa upande wa Masimba, fundi wa rangi. Alikuwa anachora kuta za maduka: simba, kikombe cha chai kinachotoa moshi, mwanamke anayesukwa nywele. Nilikuwa nikipita pale nasimama kabisa, kwa sababu yule mwanamke anayesukwa alikuwa na uso wa mtu anayeumia kichwa, na ni kweli kusukwa kunauma. Kijana alikuwa na nafasi ya kusomea ualimu. Akaniuliza afanye nini. Nikamwambia walimu ni wengi, mkono kama wake ni mmoja. Akaacha ualimu. Haikupita muda zikaja zile karatasi kubwa za nailoni zinazochapwa kwa kompyuta, kila duka likaning'iniza yake, na kuta zake zikapakwa rangi ya kampuni za simu. Sasa anachuma majani chai kwenye shamba la mjomba wake. Yeye mwenyewe bado ananisalimu. Mama yake akiniona anavuka barabara.

Kwa hiyo nilipaswa kuwa nimejifunza. Sikujifunza.

Yule msichana wa mitumba alisikia redio inatafuta mtu wa kusimulia hadithi kila Jumapili alasiri, na kwamba anayetaka ajirekodi kwa simu awatumie. Akaja kwangu na simu yake. Tukakaa jikoni, mimi na yeye tu, moshi unatutoa machozi, akaniambia, “Magokoro, nipe ile nzuri kuliko zote. Usinifiche.”

Nikampa ya kuku.

Hadithi ya kuku ni hii, na nitaipitisha haraka. Mzee mmoja alikuwa anaoza binti yake. Wageni wamekuja kuzungumzia ng'ombe, wamekaa, na mzee amekaa kwenye kigoda chake, na chini ya kigoda kuna kuku anayeatamia. Mzee asubuhi alikuwa amekula viazi vitamu vingi na maziwa ya mgando. Basi katikati ya maneno mazito ya ng'ombe, upepo ukamtoka. Akatazama chini kwa ukali: “Kuku huyu!” Wageni wakaitikia, kuku siku hizi, ah. Maneno yakaendelea. Upepo wa pili. “Kuku huyu, nitamchinja!” Ng'ombe wakaendelea kuhesabiwa. Mara ya tatu mzee hajafanya chochote bado, ameinua tu upande mmoja kidogo, na kuku akasimama, akaacha mayai yake ya siku kumi na tisa, akapita katikati ya wageni, akatoka nje. Na mke wa mzee akasema kutoka jikoni, “Hata kuku amechoka kusingiziwa.”

Hiyo bibi yangu alinipa mimi, na mimi nilimpa yeye na mikono yote, na sauti ya kuku akisimama. Alipoirudia kwenye simu nilicheka mpaka kicheko changu kikaingia kwenye rekodi. Tukaituma hivyo hivyo.

Wasiotoka kwetu watauliza, ubaya uko wapi? Ubaya ni ensoni. Bibi na mjukuu hawana mpaka. Ninaweza kumwambia mjukuu wangu lolote, naye aniambie nimekonda matako, tucheke. Lakini kati ya mzazi na mtoto kuna ensoni, ile heshima yenye aibu ndani yake. Na kati ya baba mkwe na mke wa mwanawe ensoni ni ukuta. Baba hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mke wa mwana hatamki jambo la mwili mbele ya baba mkwe, hata kuumwa na tumbo atatuma mtu akaseme. Sasa fikiria huyo mke asimame mbele ya baba mkwe wake asimulie, kwa kipaza sauti, habari za mzee na upepo wake.

Lakini siku tunarekodi hakuwa na baba mkwe! Alikuwa msichana wa kwao. Redio wakakaa kimya miezi na miezi, tukasema wameitupa. Katika kimya hicho akapata kijana wa Nyamira, mpole, fundi wa pikipiki, mambo yakafanywa kwa adabu, ng'ombe wakaenda kwa baba yake, yeye akaenda Nyamira kwa watu wa chai na kanisa la Sabato. Mama mkwe hakuwa na furaha na kazi yake ya soko. Alikuwa anasema mwanamke anayelishwa na mdomo wake siku moja mdomo utamla. Mume ndiye aliyemsimamia. Na wakati huo huo ndipo redio wakapiga simu: wewe ni kati ya watano. Mtasimulia Jumapili mbele ya watu kwenye ukumbi mjini, na itakwenda hewani moja kwa moja. Na kila mtu asimulie hadithi ile ile aliyotuma, kwa sababu ndiyo iliyowapendeza.

Alinipigia akipiga vigelegele. Nami nikapiga vyangu hapo sokoni, mwenye nyanya akafikiri nimefiwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyemkumbuka kuku. Ukweli ndio huo. Kwetu sisi wawili ile hadithi ilikuwa bado iko jikoni kwangu.

Nilikumbuka siku mbili kabla, nikiwa nafunga mafungu ya chinsaga. Mkono ukasimama. Nikampigia.

“Mjukuu, baba mkwe wako anasikiliza redio?”

 Akasema polepole, “Ana redio ya mahubiri tu. Hiyo nyingine haigusi.” Halafu akasema, “Magokoro, na mimi silali.”

“Waambie ubadilishe hadithi.”

“Niliwaambia. Wanasema nikibadilisha wanamchukua wa sita.”

“Basi acha.”

Neno hilo nililisema mimi, niliyekuwa nimemsukuma. Akaniuliza kwa sauti ndogo kabisa, “Ni wewe unaniambia niache?” Nami nikadanganya kwamba salio linakwisha, ilhali ni mimi niliyepiga na salio lilikuwapo.

Basi ndiyo maana ya ule uji. Nilivaa leso yangu safi, nikaenda mjini. Nilikuwa najipa moyo njiani: mzee ni wa mahubiri, yuko Nyamira, ana chai yake. Nikafika ukumbini. Na mtu wa kwanza niliyemwona ni yeye, amekaa safu ya mbele kabisa, suti ya kanisani, kofia magotini, na chini ya miguu yake mkungu wa ndizi mbivu umefungwa kwa majani. Vijana wa redio walikuwa wamempa kiti kile kwa sababu ya suti. Mume wa msichana alikuwa nyuma yake, uso umekwisha. Akaniambia sikioni, “Ameamka asubuhi akasema anakuja. Ningemwambia nini?” Kweli, angemwambia nini? Kumweleza baba yake kwa nini asije ilikuwa ni kuisimulia hadithi yenyewe.

Nikamwendea mzee. Yeye ana umri wa mwanangu wa kwanza, kwa hiyo hata mimi na yeye kuna maneno hatuwezi kuambiana. Unaona nilivyobanwa. Nikamwambia, “Mwanangu, umetoka mbali, twende nje nikutafutie chai.”

“Asante, mama. Nimekunywa.”

“Hapa mbele kuna upepo wa dirisha.” Nilipotamka neno upepo nikataka nife.

“Upepo mzuri tu, mama.”

“Vipaza sauti hivi vinaharibu masikio ya watu wazima.”

Akanitazama, akatabasamu. “Mama, mimi sijawahi kumsikia mtoto huyu akisema zaidi ya ‘karibu chakula’. Wananiambia watu wanaacha kazi wakimsikiliza. Nimekuja kumsikia.”

Nikakaa. Wa kwanza alisimulia habari za fisi, sikusikia hata neno. Wa pili, sijui. Wa tatu alikuwa mwalimu mstaafu aliyeimba zaidi ya kusimulia. Mimi nilikuwa nahesabu viti kati yangu na mlango, kama vile mimi ndiye nitakayekimbia.

Wakamwita. Akatoka nyuma ya pazia amevaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe kutoka kwa magauni mawili ya mitumba. Akashika kipaza sauti, akatabasamu kwa watu wote, akafungua mdomo. Na macho yake yakashuka kwenye safu ya mbele.

Mdomo ukabaki wazi, bila sauti. Redioni, wameniambia baadaye, watu walifikiri stima imepotea.  Nikaona mkono wake mwingine ukishika gauni na kulikunja. Nilijua anachagua, na nilijua ni mimi niliyempa vitu viwili vya kuchagua na vyote vibaya: aisimulie, na kesho asiwe na uso wa kumpelekea mzee yule chakula, au ashuke, arudi kwenye suruali, na mama mkwe awe amesema kweli.

Ndipo mzee akasimama.

Alisimama bila haraka. Akavaa kofia. Akageuka, akapita katikati ya viti, fimbo yake ikigonga sakafu, watu wote wanamtazama, akatoka nje. Minong'ono ikaanza. Mwanamke nyuma yangu akasema, “Ameona aibu, mke wa mwanawe jukwaani!” Mwingine akasema, “Huyo msichana nyumba imemvunjikia leo.” Mume akainua matako nusu akakaa tena. Mimi ndiye niliyeinuka nikamfuata, na magoti yangu haya.

Nilipofika mlangoni nikasikia nyuma yangu sauti ya msichana ikianza: “Palikuwa na mzee mmoja alikuwa anaoza binti yake...”

Na huko nje, wacha niwaambie, mji mzima ulikuwa umefungulia redio ile. Mzee alikuwa amesimama mbele ya duka la viatu akipumua, na kutoka ndani ya duka la viatu sauti ya mke wa mwanawe ikamfuata: “...na kigoda chake, na chini ya kigoda...” Mzee akaondoka pale kama aliyeumwa na siafu. Akavuka hadi kwa kinyozi. Kwa kinyozi sauti ilikuwa kubwa zaidi. Akaingia kichochoro cha wauza chakula, na mama wa chapati alikuwa ameweka simu yake kwenye sufuria tupu ili isikike vizuri. Kofia ya mzee ikaanguka, nikaiokota, naye hakurudi nyuma kuichukua. Nilikuwa namkimbilia huku nikimlilia, “Mwanangu, simama! Umekasirika?” na yeye anatembea mbele, fimbo kwapani, vidole viko masikioni, suti na vidole masikioni, watoto wanacheka.

Mwisho alisikia kisiagi. Kuna kisiagi cha mahindi nyuma ya kichochoro kile, mashine yake ikinguruma husikii hata mawazo yako. Akajitupa ndani. Nikamkuta amesimama karibu kabisa na mkanda wa mashine, unga unamwangukia mabegani. Tukabaki pale tumesimama kama watu waliokimbia mvua. Ilibidi tupige kelele.

“Umemkasirikia?” nikapiga kelele.

“Nani?”

“Mtoto!”

Akatikisa kichwa. Akainama kwenye sikio langu. “Aliponiona akanyamaza vile, nikajua hadithi ina kitu nisichotakiwa kukisikia. Nikatoka ili aseme.”

“Watu wanasema umekasirika!”

“Waseme!” Halafu akatazama mbali, kwa mwenye kisiagi, na kuniuliza kama anayeuliza bei ya pumba. “Mama. Ni ile ya kuku?”

 Niliangalia unga sakafuni. Yeye pia aliangalia unga. Nilihisi mabega yake yanatikisika, na kwa kelele ile sikujua kama anacheka au anakohoa vumbi, na si mahali pangu kujua.

Kwa hiyo hadithi yangu, siku yake kubwa kuliko zote, mimi sikuisikia. Nilikaa na yule mzee mpaka mashine ikazimwa, na mashine ilipozimwa, kwa kinyozi walikuwa wamerudi kwenye nyimbo.

Tulimkuta msichana nje ya ukumbi, anageuza kichwa huku na huku, mumewe anamshika mkono. Hakuniambia hadithi ilikwendaje wala majaji walisema nini. Aliuliza, “Amekwenda wapi? Amekwenda nyumbani?” Halafu akamwona mzee nyuma yangu, mweupe kwa unga kuanzia nywele. Akainamisha macho. Mzee akasimama mbali kidogo, mahali panapofaa, akamwambia mwanawe, si yeye, “Mpe mke wako ndizi. Amesimama muda mrefu.” Basi. Ni hayo tu aliyoyasema, na mpaka leo hajaongeza.

Redio walimpa saa yake ya Jumapili, ya kujaribiwa kwanza. Wamemwambia watamtazama. Kwa hiyo bado mnaniona sijapumua. Kila wiki anakuja jikoni kwangu kuchagua hadithi, na kila wiki, kabla sijafungua mdomo, namuuliza nani na nani watasikia, kana kwamba yeye au mimi tunaweza kujua. Hadithi zisizo na kitu chochote ndani ni chache, na watu wa redio wanataka kucheka. Mama mkwe, nasikia, sasa anasikiliza akiwa jikoni kwake na mlango umefungwa, na hasemi kitu, na hilo nalo linaninyima usingizi.

Na mzee? Jana, Ijumaa, alipita sokoni. Alinunua mafungu mawili ya chinsaga, akayaweka kwenye mfuko polepole, akawa hana haraka ya kwenda. Halafu akaniuliza, macho yakiwa kwenye nyanya za jirani:

“Mama, Jumapili hii ni ya kusikiliza, au ni ya kulima?”

Kwa sababu zile Jumapili nyingine, saa hiyo ikikaribia, anachukua jembe anashuka mpaka chini kabisa kwenye chai, mtoni, ambako redio ya nyumbani haifiki.

Nilifikiria ile tuliyochagua. Ya sungura na kisima. Nikaipitia yote kichwani, mwanzo hadi mwisho, neno kwa neno, nikitafuta kuku.

“Hii ni ya kusikiliza, mwanangu,” nikamwambia.

Akanishukuru, akaenda amefurahi, karibu anatembea kama kijana. Na mimi tangu atoke pale sijala vizuri. Leo ni Jumamosi. Kuna mahali kule katikati, sungura anapoinama kunywa maji, ambapo msichana yule akichekewa kidogo tu na watu anaweza kuongeza kitu cha kwake.